Kumtabiria mtoto mchanga usonji: kabla ya kukubali kipimo, uliza kesho yake

Mzazi mwenye mtoto mkubwa aliyethibitishwa kuwa na usonji (autism), akijaliwa mwingine, huanza kumchunguza arobaini haijaisha. Ananitazama au ananipita? Mbona kaganda kwenye feni na mimi niko hapa? Mbona nikimwita hageuki? Ndugu wote wanamwambia "kila mtoto na wakati wake", naye anakumbuka kwamba maneno hayohayo ndiyo yaliyomchelewesha kwa yule wa kwanza. Mzazi wa namna hii ndiye watafiti wa Marekani na Ulaya wanayemuuliza kwanza: ungependa mtoto wako apimwe kabla ya mwaka mmoja, uambiwe mapema kama atakuwa na usonji?

Wengi wao hukubali, na sababu zao ni za msingi. Ila kukubali huko kusisimamie kwenye asilimia za usahihi zinazotajwa kwenye habari. Kipimo cha kutabiri kina thamani ya kile kitakachofanyika asubuhi baada ya jibu. Kama hakuna kitakachofanyika, mzazi amenunua woga. Na kama kitakachofanyika ni jambo ambalo mtoto yule angeweza kupewa bila kipimo, basi mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo wazi.

Tuanze kwa kutenganisha mambo yanayochanganywa sana. Kuna kuchuja, kuna kuthibitisha, kuna kutabiri. Kuchuja ni kama dodoso la M-CHAT-R: maswali 20 ya ndiyo na hapana kwa mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 ni uwezekano mdogo. 3 hadi 7 mzazi anaulizwa tena kwa kina swali kwa swali yale yaliyoleta shaka. 8 na kuendelea mtoto anapelekwa moja kwa moja kwa mtaalamu. Kuthibitisha ni kazi ya mtaalamu anayekaa na mtoto, akamchezesha, akamwangalia, akamhoji mzazi juu ya makuzi yake yote. Kutabiri ni kitu kingine kabisa: mtoto bado hajaonyesha dalili yoyote ya kuonekana kwa macho, na mashine inasema ataonyesha.

Kwa nini watu wanautamani utabiri? Kwa sababu ya pengo. Wataalamu wazoefu wanaweza kuthibitisha usonji mtoto akiwa na miezi 18 hadi 24, lakini hata Marekani, yenye kliniki nyingi, takwimu za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba nusu ya watoto walithibitishwa wakiwa wamevuka miezi 47. Hiyo ni karibu miaka 4. Kushuka chini sana nako kuna ukuta wake. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 1,200, ulionyesha kwamba waliothibitishwa wakiwa na miezi 12 hadi 13, ni nusu tu waliobaki na uthibitisho huo walipokua; kwa waliothibitishwa wakiwa na miezi 14 idadi ilipanda hadi 79 kwa 100. Kwa maneno mengine, kabla ya miezi 14 hata jicho la mtaalamu halina uhakika. Ndiyo maana watafiti wakageukia ubongo wenyewe.

Kazi iliyosikika zaidi ni ya mtandao wa vyuo vikuu vya Marekani na Kanada unaoitwa IBIS. Mwaka 2017, timu ya Heather Hazlett na Joseph Piven wa Chuo Kikuu cha North Carolina ilichapisha matokeo ya kupiga picha ubongo wa watoto wenye kaka au dada mwenye usonji, kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Waliona kwamba kwa waliokuja kuthibitishwa wakiwa na miaka 2, gamba la ubongo lilitanuka eneo lake haraka kupita kawaida kati ya miezi 6 na 12. Programu ya kompyuta iliyolishwa vipimo vya picha hizo iliwabaini watoto 30 kati ya 34 waliokuja kuwa na usonji. Kati ya 145 ambao hawakuwa nao, iliwataja 7 kimakosa. Mwaka huohuo timu nyingine ya mtandao huo ilitumia picha zinazoonyesha jinsi sehemu za ubongo zinavyofanya kazi kwa pamoja, watoto 59 wa miezi 6, wakiwa usingizini. Kumi na mmoja walikuja kuwa na usonji, na programu iliwapata 9, bila kumsingizia hata mmoja kati ya wale 48.

Angalia jambo moja ambalo magazeti huliruka: kipimo cha Hazlett kinahitaji picha mbili, ya miezi 6 na ya miezi 12, kwa kuwa kinachopimwa ni kasi ya kutanuka. Kwa hiyo jibu lake linapatikana mtoto akiwa na mwaka mmoja, si miezi sita.

Na picha yenyewe si jambo la dakika tano. Watoto hawa hawapewi dawa ya usingizi. Inasubiriwa walale wenyewe. Familia inafika jioni, saa ya mtoto kulala. Kila chenye chuma kinatolewa: hereni, bangili, pini, nguo yenye vifungo vya kubana, na cha mzazi pia kama ataingia chumbani. Mtoto ananyonya, anabebwa, anaviringishwa, anawekwa vizibo vya masikio na juu yake vikinga sauti, maana mashine ya MRI hugonga kama fundi anayenyoosha bati. Halafu anahamishwa kwenye kitanda cha mashine bila kuamshwa. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Akishtuka, mnaanza upya. Akigeuza kichwa katikati ya picha, picha inaingia ukungu na vipimo vya gamba la ubongo haviaminiki tena. Mtu mmoja anakaa naye ndani muda wote kumwangalia kifua na uso. Usiku ukishindikana, familia inapangiwa usiku mwingine. MRI haina mionzi kama eksirei, kwa hiyo hofu hiyo mzazi aiweke kando. Lakini hospitali yoyote ikikwambia inataka kumlaza mtoto mwenye afya kwa dawa ili imtafutie usonji kwa MRI, kataa. Kumlaza mtoto mchanga kwa dawa kuna hatari zake, na MRI haimo katika utaratibu wa kawaida wa kuchunguza usonji popote.

Njia ya pili ni EEG, kupima umeme wa ubongo. Hii ni rahisi zaidi: mtoto anakaa mapajani kwa mama, anavishwa kofia ya vihisio vyenye sponji iliyoloweshwa maji ya chumvi, mtu mbele yake anapuliza mapovu ya sabuni ili atulie. Watafiti wa Boston walichapisha mwaka 2018 matokeo ya watoto 188, wakisema alama fulani za umeme huo zinatofautisha watoto kuanzia miezi 3. Vifaa ni vya bei nafuu kuliko MRI na vinabebeka, kwa hiyo kama kuna kipimo kitakachofika Mwanza au Kakamega siku moja, ni hiki kuliko ile mashine. Ila kofia hizi zilitengenezwa kwa kufikiria nywele laini. Kwenye nywele za kipilipili zilizojaa, au mtoto wa mwaka aliyesukwa na kutiwa shanga, kihisio hakigusi ngozi ya kichwa, ishara inakuja na kelele, na mtoto huyo anatolewa kwenye hesabu. Watafiti wamelijua tatizo hili kwa miaka na limeanza kushughulikiwa, lakini hadi litatuliwe, mtoto mweusi anakosekana kwenye data ambayo kesho itatumika kumhukumu. Mzazi akiitwa kwenye utafiti wa EEG, aulize siku chache kabla nywele ziweje. Kufumua saa moja kabla, huku mtoto analia, kunaharibu kipimo kabla hakijaanza.

Ya tatu ni macho. Warren Jones na Ami Klin walionyesha mwaka 2013 kwamba watoto waliokuja kuwa na usonji hutazama macho ya mtu kama wenzao mwanzoni, kisha utazamaji huo hushuka kati ya miezi 2 na 6. Kutokana na kazi hiyo kikatengenezwa kifaa kinachoitwa EarliPoint, kilichoruhusiwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani mwaka 2022. Hiki kisikuchanganye. Kimeruhusiwa kuanzia miezi 16, kumsaidia mtaalamu kuthibitisha. Hakitabiri chochote kwa mtoto wa miezi 4.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo wazazi wanapopotezwa, mara nyingi na watu wenye nia njema.

Watoto wote kwenye zile picha za MRI zilizotoa utabiri mzuri walikuwa wadogo wa watoto wenye usonji. Hao si watoto wa kawaida kitakwimu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2024, wenye wadogo zaidi ya 1,600, ulikuta asilimia 20.2 kati yao wana usonji: wavulana karibu 25 kwa 100, wasichana 13 kwa 100, na familia yenye zaidi ya mtoto mmoja mwenye usonji hufika karibu 37 kwa 100. Sasa chukua wadogo 1,000. Karibu 200 watakuwa na usonji. Kipimo kama cha Hazlett, kinachonasa 88 kwa 100, kitawapata 176 na kuwakosa 24. Kati ya 800 waliobaki, kikikosea 5 kwa 100, kitawataja 40 bure. Walioambiwa ndiyo ni 216, na kwa 176 ni kweli. Hiyo ndiyo asilimia 81 inayotajwa.

Chukua kipimo kilekile, usikiguse hata kidogo, kipeleke kliniki ya kawaida kwa watoto 10,000 wa familia zote. Tuseme mmoja katika 100 ana usonji, makadirio ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatumia kwa miaka. Wenye usonji ni 100, kitawapata 88. Wasio nao ni 9,900. Kitawataja kimakosa 495. Walioambiwa ndiyo jumla ni 583, na ukweli uko kwa 88 tu. Asilimia 15. Wazazi 495 watawalea watoto wao kwa mwaka mzima au miwili wakingoja jambo lisilokuja. Mashine haijabadilika, waliobadilika ni watoto.

Kwa hiyo mtu akikutajia usahihi wa asilimia 81, swali la kwanza ni: kwa watoto wa aina gani? Swali la pili ni wangapi. Kwa Hazlett, wenye usonji walikuwa 34. Wakikosekana watatu zaidi, uwezo wa kunasa unashuka karibu pointi 9. Matokeo ya namna hiyo yanatakiwa kurudiwa kwa watoto wapya kabla hayajawa huduma, na wazazi wanaoshiriki kwenye kurudia huko wanafanya kazi kubwa ambayo si yao peke yao. Ninaongeza la tatu, kwa msomaji wa kwetu: familia zilizoshiriki zilikuwa nyingi za Wazungu, zenye elimu na uwezo. Utafiti kama NeuroDev, unaokusanya taarifa za vinasaba vya watoto wa Kilifi na Cape Town, una umuhimu hapa hapa. Bila huo, kila kipimo kitakachokuja kitakuwa kimejifunza kwa watoto wa wengine.

Wazazi wenyewe wanasemaje? Wanaotaka kipimo huanza na muda. Wanakumbuka kuambiwa wangoje, kwamba wavulana huchelewa kusema, kwamba ni kwa sababu nyumbani kuna lugha mbili. (Lugha mbili hazisababishi usonji, na mzazi asiache kuzungumza na mtoto lugha yake kwa hofu hiyo.) Wanataka kujipanga: nani atapunguza kazi, tuhamie karibu na huduma au la, akiba iende wapi. Wazazi waliokwisha kumlea mmoja wana ujasiri ambao wageni hawautegemei. Wanajua foleni ziko wapi, wanajua fomu, wanajua mtaalamu gani anasikiliza, na kwao jibu la ndiyo si mwisho wa dunia. Wengine wanataka kipimo kwa ajili ya hapana, wapumue, waache kumkagua mtoto kila anapopepesa macho. Hawa ndio wa kuhurumiwa zaidi, na ndio kipimo kinaweza kuwaangusha, nitarudi kwao.

Wanaosita wana hoja nzito pia. Mtoto wa miezi 6 aliyekwisha kupewa jibu anaangaliwa kwa jicho lingine: akilia ni usonji, akinyamaza ni usonji. Furaha ya kumgundua mtoto taratibu inaondoka. Mara nyingi wazazi wawili hawakubaliani, mmoja anataka kujua, mwingine hataki, na hakuna namna ya kumwambia mmoja tu ndani ya nyumba moja. Lipo pia suala la mtoto mwenyewe. Uchunguzi wa maoni uliofanywa katika nchi 11 za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2017, wenye watu 2,317, uliwakuta wazazi, wataalamu na watu wazima wenye usonji wengi wakiunga mkono utafiti wa miaka ya mwanzo, lakini watu wazima wenye usonji waliunga mkono kidogo kuliko wengine. Na makundi yote isipokuwa wahudumu wa afya hawakupenda mtoto aitwe "aliye hatarini". Naona tuwasikilize. Ni watu waliokuwa watoto hao, na wanajua maana ya kukua ukiwa umeandikwa jina kabla hujasema neno. Mimi nasema "mwenye uwezekano mkubwa", na sipotezi maana yoyote.

Kwa familia za kwetu kuna uzito mwingine. Jibu halikai kwa wazazi wawili. Linafika kwa mama mkwe, kwa mashangazi, na mara nyingi linamwangukia mama: kwao kuna nini, alikula nini, nani kamtazama. Kuna kina mama walioachwa na waume zao kwa jambo ambalo daktari alikuwa amelithibitisha. Je, kwa jambo ambalo mashine imelikisia? Kama utakubali kipimo, amueni kabla ya siku ya jibu nani ataambiwa na kwa maneno gani. Baada ya hapo huwezi kulirudisha.

Kwa walioko ughaibuni, uliza jibu linaandikwa kwenye faili gani. Marekani kuna sheria ya 2008 inayokataza bima ya afya na waajiri kutumia taarifa za vinasaba dhidi ya mtu, lakini haigusi bima ya maisha wala bima ya ulemavu, na picha ya ubongo si taarifa ya vinasaba. Wahamiaji wanaoelekea Australia wanajua kwamba gharama za matunzo ya mtoto huhesabiwa kwenye masharti ya afya ya viza, na wana haki ya kuuliza kama neno la utabiri linaweza kusomwa na afisa wa viza. Kwenye utafiti wa heshima, majibu ya mtu mmojammoja mara nyingi hayapewi familia wala hayaingii kwenye faili la hospitali. Fomu ya ridhaa inatakiwa kusema hivyo, pamoja na data itatunzwa wapi na unaweza kuiondoaje. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili zinaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti. Zitaje. Mtafiti mzuri hatakasirika.

Turudi kwenye asubuhi baada ya jibu. Je, kuna cha kumfanyia mtoto wa mwaka mmoja? Kipo, na ushahidi bora unatoka Perth na Melbourne, Australia. Mwaka 2021 timu ya Andrew Whitehouse ilichapisha jaribio la watoto 103 waliokuwa na miezi 9 hadi 14 mwanzoni. Nusu walipata huduma za kawaida; nusu, juu ya hizo, walitembelewa nyumbani mara 10 ndani ya miezi 5. Mgeni hakuja kumfundisha mtoto. Alimrekodi mzazi na mtoto wakicheza kwa dakika chache, kisha yeye na mzazi wakaitazama video pamoja.

Kinachotafutwa kwenye video ni kidogo mno kwa jicho la kawaida. Mtoto ameshika kijiko. Anakitazama, anainua macho kwa nusu sekunde kumwelekea mama, anarudi kwenye kijiko. Mama hakuona, kwa sababu alikuwa anatikisa mwanasesere upande wa pili akimwita, "Angalia huku! Huku!" Video inarudishwa nyuma, inasimamishwa pale macho yalipoinuka. Siku nyingine mama ananyamaza, anangoja, na macho yakiinuka anasema "kijiko!" na kugonga sufuria kwa cha kwake. Mtoto anagonga. Zamu yake, zamu yangu. Hilo ndilo somo lote: kumfuata mtoto pale alipo, kungoja sekunde kadhaa zaidi ya unavyoona inatosha, kujibu ishara ndogo. Walipofika miaka 3, waliothibitishwa kuwa na usonji walikuwa 3 kati ya 45 kwa waliotembelewa, na 9 kati ya 44 kwa wengine.

Msiyafanye matokeo hayo kuwa uponyaji. Idadi ni ndogo, na watoto wengi kwenye makundi yote mawili waliendelea kuwa na tofauti za makuzi zinazohitaji msaada. Tena, watoto hawa hawakutabiriwa na mashine. Waliingia kwa sababu tayari walionyesha dalili za mwanzo za tabia. Hili ndilo ninalotaka wazazi walishike: jambo lenye ushahidi bora kwa mtoto wa umri huo halikuhitaji picha ya ubongo. Simu ya mkononi inarekodi video hiyo. Kinachokosekana kwetu ni mtu aliyefunzwa kukaa na mzazi na kuitazama.

Hapo ndipo pesa zingeenda kwanza. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yanayotolewa na watu ambao si mabingwa, na yamefanyiwa kazi Kenya na Ethiopia. Huo ni mfano unaobebeka. Mashine ya mamilioni kwenye mji ambao foleni ya mtaalamu wa usemi ni ya miezi haitamsaidia mtoto yeyote.

Wakati huohuo, mdogo wa mtoto mwenye usonji asingojee chochote. Kwanza apimwe masikio, kwa kifaa, si kwa kupigiwa makofi nyuma ya kichwa. Asiyesikia hageuki akiitwa, na wapo watoto waliopoteza mwaka kwa kudhaniwa wana usonji au kinyume chake. Pili, tumia safari zilizopo. Chanjo ya surua na rubela, Kenya na Tanzania, inatolewa miezi 9 na miezi 18, na hizo ndizo nyakati mbili nzuri za kumuuliza nesi maswali. (Chanjo hazileti usonji. Limechunguzwa kwa mamia ya maelfu ya watoto.) Miezi 9: anacheka nawe kwa zamu, anarudisha sauti ukimtolea sauti, anageuka kwa jina lake? Mwaka mmoja: anabwabwaja, anapunga mkono, ananyoosha mikono abebwe, anakuonyesha kitu ili mkifurahie wote? Miezi 16: ana maneno? Miaka 2: anaunganisha maneno mawili yake mwenyewe, si ya kukariri? Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na neno au ishara akaipoteza, huyo haangojwi hata wiki.

Maswali haya yapitishwe kwenye maisha ya kwetu. Mtoto aliyefundishwa kwamba kunyooshea watu kidole ni utovu wa adabu anaweza kuonyesha kwa kidevu au kwa kukuvuta mkono. Muulize mzazi mtoto anaombaje na anaonyeshaje, usiishie kwenye kidole. Asiye na mwanasesere wa dukani hubeba gunzi la mahindi mgongoni, na huo ni mchezo wa kuigiza kamili. Mtoto anayeshinda mgongoni kwa mama anasikia sana na kuuona uso wake kidogo, basi mpe muda wa ana kwa ana wakati wa kuoga na kupakwa mafuta.

Ukiwa na shaka baada ya hapo, usirudishwe nyumbani kwa "subiri". Kenya, vituo vya tathmini vya EARC vilivyo chini ya Wizara ya Elimu vinampokea mtoto bila kungoja umri wa shule. Tanzania, omba rufaa ya maandishi kwenda kliniki ya watoto ya hospitali ya rufaa, na andika mwenyewe kwenye daftari ulichokiona na tarehe yake. Video ya dakika mbili ya mtoto akiwa nyumbani humsaidia mtaalamu kuliko maelezo ya nusu saa, kwa kuwa mtoto kwenye chumba kigeni si yule unayemjua.

Na jihadharini na wauzaji. Hadi sasa hakuna kipimo cha kutabiri usonji kwa mtoto chini ya mwaka ambacho ni huduma ya kawaida ya hospitali mahali popote. Anayekuuzia kipimo cha nywele au "ramani ya ubongo" mara nyingi ana dawa ya kukuuzia baada yake: seli shina, dawa za kutoa madini mwilini, vyumba vya oksijeni. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya waziwazi juu ya hizo mbili za mwisho kwa usonji, na dawa za kutoa madini zinaweza kumuua mtoto.

Niliahidi kurudi kwa wanaotafuta hapana. Kwenye ile hesabu ya wadogo 1,000, walioambiwa hapana ni 784, na 24 kati yao watakuja kuwa na usonji. Ni wachache, asilimia 3 tu, na mzazi anaweza kulala vizuri zaidi kuliko alipoingia. Lakini 24 hao ndio walio kwenye hatari ya kuchelewa kupita wote, kwa sababu mzazi ataona dalili na kujiambia kwamba kipimo kilishasema. Mwenye jibu la hapana afanyiwe dodoso la miezi 18 na la miezi 24 kama mtoto ambaye hakupimwa kabisa, na fomu ya majibu iandikwe hivyo, tarehe mbili hizo zikiwa zimejazwa kabla mzazi hajatoka mlangoni.